Tapeli Hukukuta Ukingoja

"Ile hela usitume kule, tuma kwenye namba hii. Jina litatokea la shemeji yangu." Ni nadra kumkuta Mtanzania mwenye simu ambaye hajawahi kuletewa ujumbe wa namna hii, na wengi huucheka na kuufuta. Lakini mfanyabiashara wa Kasulu mjini ambaye asubuhi hiyohiyo kapatana na mtu kwamba atamlipa hela ya magunia ya maharage, hacheki. Yeye anadaiwa kweli. Ujumbe umerushwa kwa namba nyingi bila mrushaji kumjua mwenye hata moja. Umemfikia yeye wakati simu iko mkononi na hela iko kwenye laini.

Tumezoea kumsifu tapeli kwa ulimi wake, kana kwamba anayepigwa kalogwa kwa maneno matamu. Mimi sioni hivyo. Kazi ya kushawishi huwa imekwishafanywa na maisha yenyewe: deni, ada ya mtoto, ajira iliyoombwa, ndugu aliyeahidi kutuma kitu. Tapeli anapiga hodi nyumba baada ya nyumba hadi aipate ile inayotazamia mgeni.

Utazame tena ujumbe ule. Maneno ya hatari siyo "tuma hela", ni "jina litatokea la shemeji". Kabla hujaweka namba ya siri, mtandao hukuonyesha jina la anayepokea, na hiyo ndiyo nafasi yako ya mwisho ya kushtuka. Tapeli kaiwahi. Jina usilolijua linapotokea, badala ya kukushtua linakutuliza, maana uliambiwa litatokea. Kwa hiyo jina peke yake halitoshi. Mpigie unayemdai au anayekudai kwa namba uliyoihifadhi mwenyewe zamani, usijibu ujumbe wala usipige namba iliyomo ndani yake.

Mbinu ya "nimekosea kutuma" ni hiyohiyo kwa upande wa pili. Unaletewa ujumbe ulioandikwa kama wa kampuni, kisha mtu anapiga akilia kwamba kakutumia laki moja kimakosa, arudishiwe, mgonjwa yuko hospitali. Angalia salio kwanza. Hata kama hela imeingia kweli, usiirudishe kwa mkono wako. Mwambie apige huduma kwa wateja, kampuni itaishughulikia. Na anayejitambulisha kuwa ni wa kampuni ya simu anapaswa kuonekana kwa namba 100. Akitokea kwa namba ya kawaida na kukuomba namba ya siri, au tarakimu zilizoingia sasa hivi kwenye simu yako, kata simu. Adabu ya kumsikiliza mtu hadi amalize isikuponze.

Namba hizi za utapeli zinatoka wapi, wakati laini zinasajiliwa kwa alama za vidole tangu mwaka 2019? Nyingine zinatoka kwetu. Msajili wa laini wa barabarani anakuambia kidole hakijasoma, weka tena, na tena. Wewe unaondoka na laini moja, naye anabaki na nyingine yenye jina lako. Ripoti za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa vinara wa majaribio ya utapeli, lakini laini iliyosajiliwa kwa kidole cha mkulima wa Kibondo inaweza kutumika popote. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha Taifa. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la kampuni husika ifutwe, kabla polisi hawajakuuliza wewe.

Sasa twende kwenye makambi ya wakimbizi, ambako watu hungoja kwa miaka. Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo waliokimbia vita. Nduta, wilayani Kibondo, ikafunguliwa upya mwaka 2015 Warundi walipoanza kumiminika. Nyarugusu ina watu wazima waliozaliwa humohumo. Wapo wanaotumaini kuhamishiwa nchi ya tatu, na njia hiyo ina hatua nyingi za kweli: mahojiano, uhakiki, vipimo vya afya. Kati ya hatua moja na nyingine panaweza kupita miaka ya kimya, na ndani ya kimya hicho ndimo tapeli anamochuma. Anazijua hatua kwa majina. Anakuja WhatsApp na nembo ya UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, kwenye picha yake, anasema faili limekwama, kulisogeza kunahitaji kiasi fulani.

Kinachompa nguvu ni kwamba uongo wake umepakana na ukweli. Mkimbizi aliyekuwa akipelekwa Marekani alisaini mkopo wa nauli ulioratibiwa na IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji. Kwa hiyo anayengoja akisikia habari ya "nauli" haoni ajabu. Ila mkopo ule ulilipwa kidogokidogo baada ya kufika. Hakuna kilichotangulizwa. UNHCR na washirika wake hawatozi chochote, kwa hatua yoyote, kwa mtu yeyote. Basi hata akiwa na kitambulisho, gari na kofia, anayeomba hela amejitambulisha tayari. Na Marekani iliposimamisha kupokea wakimbizi Januari 2025, aliyekuwa karibu kusafiri ndiye aliyekuwa rahisi zaidi kuamini habari ya "orodha maalumu".

Wengine hawaombi hela siku ya kwanza. Wanataka picha ya hati ya familia, "tuhakiki majina". Ukishaituma, wanajua namba ya kaya, majina ya watoto na umri wao, na mtu mwingine atakayepiga wiki ijayo atakutajia yote hayo. Utamwamini kwa sababu ya taarifa ulizotoa mwenyewe.

Kama hela imeshakwenda, piga 100 palepale. Ambayo haijatolewa kwa wakala inaweza kuzuiwa, na tapeli naye anakimbilia kuitoa. Usianze kwa kumpigia tapeli umtukane. Unampa taarifa kwamba umegundua. Kisha usambaze ujumbe wake kwenda 15040, namba ya TCRA. Utaletewa jibu linalokutaka uandike namba iliyokutumia. Na polisi uende ukiwa na ujumbe wenyewe kwenye simu, haujafutwa, pamoja na kumbukumbu ya muamala. Wengi huufuta kwa aibu kabla hata hawajafika kituoni.