Toza na Tuza: Gari Lilipe kwa Kiu Yake

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya Tanzania ya kudhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta, na msomaji wangu mmoja hutafuta mstari wa kwao tu: Inyonga, wilayani Mlele. Petroli inayofika huko imeshuka melini bandarini, ikapanda lori na kuvuka karibu nchi nzima. Nauli ya safari hiyo imo ndani ya kila lita. Sasa anataka gari la kupeleka madumu ya asali Mpanda, na ameniuliza: serikali inamsaidiaje mtu anayechagua gari linalokunywa kidogo?

Inamsaidia kidogo sana, tena kwa kipimo ambacho sikiafiki.

Kwa miaka mingi ushuru wetu wa bidhaa kwa magari madogo umepangwa kwa ngazi: injini isiyofika cc 1,000 haitozwi, ya 1,000 hadi 2,000 asilimia 5, inayozidi hapo asilimia 10. Gari likizeeka inaongezwa tozo ya uchakavu. Sasa tazama ngazi ya kati. Toyota IST ya cc 1,298 na gari la cc 1,998 yanakaa pamoja, kiwango kimoja. Na cc ni ukubwa wa tumbo la injini tu, haisemi tumbo hilo linajazwa mara ngapi. Gari mseto lenye betri na gari la kawaida la miaka 15 yanaweza kuwa na cc zilezile, lakini moja likarudi kutoka Mpanda na nusu tangi wakati lingine linatafuta kituo.

Mwaka 2017 tulipiga hatua ambayo sioni ikisifiwa vya kutosha. Waziri wa Fedha wa wakati huo, Philip Mpango, alifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari na badala yake akaongeza shilingi 40 kwenye ushuru wa kila lita ya mafuta. Awali gari lililolala uani mwaka mzima lililipa sawa na lile lililokesha barabarani. Baada ya hapo, anayechoma zaidi analipa zaidi. Lakini shilingi 40 zinadaiwa kidogo kidogo, pampu kwa pampu, na mtu anayechagua gari hazioni. Siku ya kununua anaona bei ya gari tu. Hapo ndipo panapotakiwa kitu kingine: siku hiyohiyo anayechagua gari linalokunywa sana atozwe, na pesa hiyo apewe anayechagua linalokunywa kidogo. Hicho ndicho kilichonifanya niandike makala hii.

Kiingereza kimekipa jina kwa kuunganisha ada na marejesho. Kiswahili bado. Nilijaribu "ada-rejesho", nikaiacha kwa sababu hakuna kinachorejeshwa: anayepewa si yule aliyetoa. "Ruzuku" nayo haifai, maana ruzuku hutoka hazina, na huku hazina haitoi kitu. Nimetua kwenye "tozatuza". Kutoza tunakujua sote. Kutuza ni kumpa mtu zawadi kwa alichofanya vizuri, kama anavyotuzwa mwimbaji wa taarabu. Irabu moja tu inayatenganisha maneno hayo mawili, na kazi yenyewe iko hivyohivyo: pesa ni ileile, inahama mkono.

Msomaji wangu ataielewa kwa asali. Mnunuzi hudondosha tone kwenye kioo cha kipimo cha mkononi, akafunika, akakielekeza kwenye mwanga na kuchungulia. Ndani, buluu inakutana na weupe kwenye mstari, na mstari huo unasoma asilimia ya maji. Asali iliyorinwa kabla nyuki hawajaziba masega kwa nta huwa na maji mengi, na huchacha. Tuseme mnunuzi anaweka kigezo cha asilimia 20. Kila asilimia inayozidi, anakata shilingi 200 kwa kilo. Kila inayopungua, anaongeza 200. Mwenye asali ya 22 anapoteza 400, mwenye ya 18 anapata 400. Mnunuzi mfukoni hajatoa hata senti. Na hakuna ngazi ya kujificha: wa 21 naye ana sababu ya kusubiri wiki moja zaidi, na wa 18 ana sababu ya kufika 17.

Msimu unaofuata wote wamejifunza, kila dumu linasoma 18. Kila mtu anadai nyongeza, hakuna wa kukatwa, kisanduku cha makato kitupu. Basi mnunuzi anasogeza kigezo hadi 18, na mizani inakaa sawa tena. Utamu wote wa tozatuza uko hapo, kwenye kigezo kinachosogea.

Ufaransa iliyaona haya kwa vitendo. Ilianza Januari 2008, ikawatuza wanunuzi wa magari mapya yasiyozidi gramu 130 za kaboni dioksidi kwa kilomita na kuwatoza waliozidi 160. Watu walikimbilia magari madogo kuliko ilivyokadiriwa, na mwaka wa kwanza hazina ikapungukiwa zaidi ya euro milioni 200. Karibu na kwetu, Mauritius iliweka kigezo cha gramu 158 mwaka 2011, kila gramu na bei yake, ikakishusha hadi 150 mwaka 2013, kisha ikaufuta mpango mwaka 2016. Kwa kuwa lita ya petroli ikiungua hutoa karibu kilo 2.3 za gesi hiyo (oksijeni ya hewani imejiunga, ndiyo maana uzito unazidi wa petroli yenyewe), gramu 158 ni sawa na lita 6.9 hivi kwa kilomita 100.

Malori na magari ya wagonjwa yapewe kundi lake. Hilo ni la kupanga.

Wizara ya Fedha hupokea maoni ya kodi kabla ya bajeti ya kila Juni. Msomaji wangu wa Inyonga, waandikie mstari mmoja: ushuru wa gari upimwe kwa lita linazokunywa, si kwa cc. Na kwa sasa, kabla hujalipa, muulize muuzaji kilomita kwa lita, kisha angalia mwaka wa kutengenezwa: gari likifika miaka 8 uchakavu huanza kutozwa.