Dada kaninunia miezi saba, nikamtengenezea kadi

Wiki hii sina umbea wa mastaa. Nina mkasi, gundi na aibu yangu mwenyewe.

Iko hivi. Dada yangu mkubwa alinikopesha laki mbili nikaanzishe biashara ya mitumba. Biashara ikafa kifo cha mende, hela ikayeyuka, mimi nikawa kila nikiona jina lake kwenye simu naigeuza kifudifudi. Alipochoka kupiga, akaninunia. Miezi saba, bwana! Hata kwenye harusi ya binamu yetu tulikaa meza moja, yeye anaongea na soda yake. Nikamtumia meseji ndefu kama barua ya posa. Akaisoma. Kimya.

Ndipo nikakumbuka ujuzi wangu wa shule. Nikiwa kidato cha pili nilikuwa nawatengenezea wenzangu kadi za kutakiana heri ya mtihani, malipo maandazi mawili. Nikasema hapa hapa, huyu dada nitamtengenezea kadi ya mkono wangu.

Usicheke. Wengi wanadhani haya ni mambo ya chekechea, mpaka wajaribu. Kosa la kwanza la kila mtu ni kukunja. Unachukua manila nzuri, unaikunja kwa pupa, mkunjo unapasuka kama midomo ya kipupwe. Sababu ni kwamba karatasi ya kiwandani ina nyuzi, na nyingi zimelala upande mmoja. Ipinde taratibu bila kuivunja, kwanza kwa urefu halafu kwa upana. Upande unaokubali bila ubishi ndio wa kukunjia. Kisha weka rula, chukua peni iliyokwisha wino, pitisha mara moja ukikandamiza kidogo ili uache mfereji. Hapo ikunje. Itakaa kama imetoka dukani.

Kosa la pili ni saizi. Mtu anatengeneza kadi ya maana, halafu anazunguka mji mzima kutafuta bahasha yake. Kata A4 katikati upate vipande viwili, kila kimoja kikunje nusu. Unabaki na kadi ya milimita 105 kwa 148, inayoingia bila shida kwenye bahasha ya C6, ambayo ni 114 kwa 162. Ukikosa bahasha, fungua moja ya zamani uone ilivyokunjwa, itumie kama fundi anavyotumia kipimo.

Mapambo ndiyo usitoe hela kabisa. Maua ya bogenvilea, yale ya kwenye ua wa jirani, ni membamba na hukauka vizuri yakibanwa ndani ya kitabu kizito wiki moja au mbili. Jani kavu la mgomba ukilipiga pasi ya uvuguvugu linanyooka. Mabaki ya vitenge yapo kwa fundi cherehani yeyote, muombe kwa adabu. Gundi paka kiduchu kwa ncha ya kijiti. Mimi ya kwanza niliimwagia, kadi ikajikunja kama samaki mkavu. Ukimaliza, ilaze chini ya kamusi usiku kucha.

Hebu nikuchomekee kisa kidogo. Kadi ya Krismasi ya kwanza kuchapishwa kwa ajili ya kuuzwa ilitoka London mwaka 1843. Bwana mmoja aitwaye Henry Cole alikuwa na marafiki wengi wa kuwaandikia na shughuli nyingi zaidi, akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree kadi moja, zikachapwa kama 1,000. Umeona? Kadi ya dukani ilizaliwa na mtu aliyekosa muda. Simlaumu, lakini mimi muda ndio kitu pekee nilichokuwa nacho. Hela sina, maneno yameisha.

Basi nikaenda kwa mama kuomba kipande cha kitenge. Si kitenge chochote, ni kile cha rangi ya chungwa ambacho dada alikuwa akinibebea mgongoni. Nikakikuta kimekuwa cha kushikia sufuria. Mama akaniangalia, akanipa, hakuuliza kitu. Nikakata kona ambayo haijaungua, nikatoa maua matano, nikayapanga kwenye manila nyeupe. Siku tatu nzima, kadi mbili zimeharibika. Ndani nikaandika: “Dada, nilikosea kukukimbia. Hela yako naijua.” Basi. Nilitaka kuongeza mashairi, nikajizuia.

Nikaipenyeza chini ya mlango wake nikatimua mbio. Ndiyo, mtu mzima mwenye ndevu.

Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu mpwa wangu wa miaka saba akaja kunigongea: “Anko, mama kasema kadi nzuri. Kasema na hela je?”

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikahesabu: elfu ishirini kila mwezi, miezi kumi. Nikatengeneza bahasha, nikabandika ua moja la bogenvilea, nikatia noti mbili za elfu kumi, nikapeleka mwenyewe. Akapokea mlangoni, hakunikaribisha. Ila ile kadi niliiona kwa ndani, imechomekwa kwenye kioo cha kabati la vyombo.

Mwezi wa pili nikamwuliza nimtumie kwa simu, kuokoa nauli. Akasema thubutu. Mwezi wa tatu nikapewa chai. Juzi nimepeleka ya nne, na kwa kuwa nilikuwa na haraka niliitia kwenye bahasha ya kaki ya dukani. Aliigeuza mbele, akaigeuza nyuma, akanirudishia.

“Hii mbona haina ua? Katengeneze nyingine.”

Ninavyoandika hapa, vidole vimejaa gundi.