Mwili, Nafsi na Roho: Mwanafunzi na Mpango wa Afya Yake

Kila mtihani wa taifa wa kidato cha nne unapokaribia, shule nyingi za bweni hubadili desturi zake. Taa za madarasa ambazo kwa kawaida huzimwa saa 4 usiku huachwa zikiwaka hadi saa 5, na pengine saa 6. Mchakamchaka wa alfajiri husamehewa, mipira hufungiwa stoo, na saa ya michezo ya jioni hugeuka kuwa kipindi cha masomo ya ziada. Wapo hata wanafunzi wanaotumbukiza miguu katika beseni la maji baridi ili usingizi usiwashinde. Nia yao ni njema, wala hapana mwalimu apendaye kumvunja moyo kijana mwenye bidii. Hata hivyo bidii ya namna hii yafaa ipigiwe hesabu.

Mwanafunzi alalaye saa 5 usiku na kuamshwa na kengele saa 10:30 alfajiri amelala kwa muda wa saa tano na nusu. Mwaka 2016 chuo cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilipendekeza kwamba kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10 katika kila saa 24. Ikichukuliwa ile 8 peke yake, kijana huyu hupungukiwa saa mbili na nusu kila usiku, yaani saa 17 na nusu kwa juma. Huo ni zaidi ya usingizi wa usiku mbili. Mwaka 2003 Hans Van Dongen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walitangaza matokeo ya majaribio waliyofanya kwa watu wazima 48. Wale waliolala saa 6 au pungufu kwa siku 14 mfululizo walififia katika umakini na kumbukumbu kiasi cha kulingana na mtu aliyenyimwa usingizi kabisa hadi usiku mbili. Lililo la kutisha zaidi ni kwamba walipoulizwa hali zao, walijiona kuwa wamechoka kidogo tu. Ubongo uliopungukiwa na usingizi ni hakimu mbaya wa upungufu wake wenyewe.

Hapo ndipo ilipo haja ya mpango. Mtu anayetegemea jinsi anavyojisikia hukosa kipimo. Mtu mwenye mpango ulioandikwa anacho cha kulinganisha.

Afya ni nini hasa?

Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyotiwa sahihi mwaka 1946 na kuanza kutumika mwaka 1948, yaeleza afya kuwa ni ukamilifu wa hali ya mwili, ya akili na ya maisha ya mtu katika jamii, wala si kutokuwa na ugonjwa tu. Roho haikutajwa. Mwaka 1984 Mkutano Mkuu wa shirika hilo ulikubali azimio lililotambua upande wa kiroho wa afya, na mwaka 1998 halmashauri yake ilipendekeza neno hilo liingizwe katika maelezo yenyewe. Mkutano wa mwaka 1999 haukuendelea na shauri hilo, na maneno ya mwaka 1946 yangali yalivyokuwa. Si ajabu kwamba wajumbe walisita. Mapigo ya moyo huhesabika, na saa za usingizi huandikika. Roho haina mizani. Lakini kisichopimika kwa urahisi si lazima kiwe hakipo, na mpango wa afya unaolisahau jambo ambalo watu wengi wa Afrika Mashariki huliweka mbele ya mengine yote utakuwa mpango wa mtu mwingine.

Mwili

Kuhusu usingizi yapo mambo mawili ambayo kijana hana budi kuyajua. La kwanza ni kwamba saa ya mwili, ile iliyomo ndani ya ubongo, huchelewa wakati wa ujana. Homoni ya melatonini, ambayo huutangazia mwili kwamba usiku umeingia, hutoka baadaye kuliko ilivyokuwa utotoni. Kwa hiyo kijana asiyepata usingizi saa 3 usiku hana ukaidi wala uvivu. Jambo hili laonekana hata kwa Wahadza waishio karibu na Ziwa Eyasi. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2017, watu 33 walivaa vyombo vya kupima usingizi kwa siku 20. Katika muda wote huo, dakika ambazo wote walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu! Wazee walilala mapema na kuamka mapema, vijana walichelewa. Na watafiti wanadhani kwamba tofauti hiyo hapo kale iliwapa watu ulinzi wa zamu bila ya mtu kupangiwa zamu.

La pili ni hoja ambayo mwanafunzi mjanja aweza kuileta. Utafiti mwingine, wa mwaka 2015, uliowahusu Wahadza, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, ulikuta kwamba watu hao hulala kwa wastani saa 5.7 hadi 7.1 na kuwa na afya njema. Je, saa tano na nusu za bweni zina ubaya gani? Jibu ni kwamba waliopimwa walikuwa watu wazima. Pia walilala na kuamka kwa kufuata giza na baridi ya usiku, si kwa kufuata kengele.

Kwa habari ya mazoezi, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 kwamba mtoto au kijana wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za kazi au mchezo unaomfanya apumue kwa nguvu. Kuchota maji, kulima bustani ya shule, ngoma na mchakamchaka vyote vyaingia katika hesabu hiyo. Elimu ya jambo hili ilianza kuthibitishwa London mwaka 1953, Jerry Morris na wenzake walipolinganisha madereva wa mabasi ya ghorofa na makonda wao. Madereva, waliokaa kutwa, walipatwa na maradhi ya moyo zaidi kuliko makonda waliopanda na kushuka ngazi. Walimu wa sayansi wangefanya vyema kuwasimulia wanafunzi sehemu ya pili ya kisa hiki. Mwaka 1956 Morris alichunguza vipimo vya sare na kugundua kwamba madereva walikuwa wanene kiunoni kuliko makonda tangu walipopewa sare zao. Huenda basi kazi haikuwa sababu pekee. Uchunguzi mwingi wa baadaye uliunga mkono faida ya mazoezi, lakini zile suruali zimebaki kuwa somo zuri la tahadhari.

Chakula cha bweni hakichaguliwi na mwanafunzi, kwa hiyo hapa mpango wake uwe mdogo na wa kweli. Madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mchicha hayaingii mwilini kwa wepesi. Chai inywewayo pamoja na chakula huyazuia. Pera, chungwa au embe huyasaidia. Msichana, ambaye hupoteza chuma kila mwezi kwa hedhi, atafaidika akiiahirisha chai kwa saa moja au zaidi na kutafuta tunda. Kahawa nayo ina kafeini, ambayo nusu yake hubaki mwilini baada ya muda wa kama saa tano. Kikombe cha saa 2 usiku bado kinafanya kazi saa 7.

Nafsi

Lugha ya Kiswahili husema kwamba mtu “ana mawazo”, na kila msikilizaji huelewa kwamba hayo si mawazo ya kawaida. Washona wa Zimbabwe wana neno lao, kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi. Kwa kulifuata neno hilo la wenyeji, badala ya majina ya vitabuni, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 huduma ya benchi la urafiki mjini Harare. Mabibi wa mitaani, wasio waganga wala wauguzi, walifundishwa kukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, kumsikiliza, na kumsaidia kuchagua tatizo moja kati ya mengi na kulitafutia hatua ya kwanza. Matokeo ya jaribio la wagonjwa 573 yalitangazwa mwaka 2016: baada ya miezi sita, waliohudumiwa na mabibi hao walikuwa na dalili chache za wasiwasi na sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Mwanafunzi hana benchi, lakini kanuni yaweza kuchukuliwa. Mpango wake utaje mtu mmoja mzima ambaye ataongea naye kila juma, awe mwalimu wa malezi, matroni, shangazi au babu, na utaje siku yenyewe. Msaada mwingine ni kalamu. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall waliwaomba wanafunzi wa chuo waandike kwa dakika 15, siku nne mfululizo, juu ya mambo yaliyowaumiza. Walioandika habari za tukio pamoja na uchungu wake walitoka wakiwa na huzuni zaidi, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda zahanati mara chache. Majaribio ya baadaye yameonyesha kwamba faida hiyo, kwa wastani, ni ndogo. Hata hivyo gharama yake ni karatasi nne.

Na hofu ya mtihani je? Dawa yake moja ni ya zamani mno. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, katika kitabu chake cha mwaka 1885, alieleza jinsi alivyojipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Marudio 38 yaliyogawanywa katika siku tatu yalimfaa kama marudio 68 yaliyofanywa kwa siku moja. Anayegawa masomo yake mapema hana haja ya lile beseni la maji.

Roho

Mwaka 2001 Luciano Bernardi na wenzake, wengi wao kutoka Italia, waliwapima watu 23 walipokuwa wakisali rozari kwa Kilatini, na tena walipokuwa wakikariri maneno matakatifu ya yoga. Katika hali zote mbili pumzi ilishuka hadi karibu mara sita kwa dakika, na miendo ya moyo na ya shinikizo la damu ikalingana vizuri zaidi. Hilo ndilo ambalo chombo cha maabara chaweza kusema. Hakiwezi kusema kama sala ilisikilizwa, na mtu asalie kwa ajili ya kupunguza mapigo ya moyo pengine amekwisha kosa kile alichokifuata.

Kwa mpango, jambo la maana zaidi ni kwamba ibada ina saa zake. Swala tano humgawia Mwislamu siku yake tangu alfajiri hadi usiku. Sala ya asubuhi na ya jioni na kwaya ya Jumapili humfanyia Mkristo vivyo hivyo. Asiye na dini ataweka kimya cha dakika kumi chini ya mti, au kumtembelea mgonjwa kila Jumamosi. Ratiba yenye nguzo za namna hiyo haianzi patupu.

Jinsi ya kuuandika

Mipango mingi hufa kwa sababu imeandikwa kama nadhiri: “Nitafanya mazoezi zaidi.” Mtaalamu wa elimunafsi Peter Gollwitzer wa Ujerumani ameonyesha njia iliyo bora. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 1997, wanafunzi walitakiwa kuandika taarifa fupi wakati wa sikukuu ya Krismasi. Wale waliotaja kabla saa na mahali watakapoandika, karibu robo tatu yao walitimiza. Wasiotaja, ni theluthi moja hivi. Basi sentensi ya mpango iwe na “baada ya”. Msichana wa kidato cha nne ataandika: “Baada ya kengele ya saa 10 jioni, nitavaa raba na kucheza netiboli hadi saa 11.” Au: “Baada ya swala ya Isha nitasoma kwa saa moja, kisha nitafunga daftari na kulala.” Sentensi tatu au nne zatosha, aandikaye kumi hataziweka hata mbili.

Asitazamie kwamba mazoea yatashika kwa juma moja. Phillippa Lally na wenzake wa London waliwafuata watu 96 kwa majuma 12, na walikadiria kwamba katikati ya kundi jambo jipya lilichukua siku 66 kuwa mazoea. Kwa mwepesi kabisa siku 18, na kwa mzito kabisa siku 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Yafaa mwalimu alirudie jambo hili mara nyingi, kwa sababu kijana aliyekosa Jumanne aghalabu huacha Jumatano.

Mpango hauwezi kila kitu. Huzuni au kukata tamaa kunakoendelea kwa majuma mawili, kukosa hamu ya chakula na ya marafiki, au mawazo ya kujidhuru, ni mambo ya kupelekwa kwa mwalimu na kwa mganga siku ile ile. Wala mpango wa mwanafunzi hauwezi kuishinda kengele ya shule. Mkuu wa shule anayetaka ushahidi kabla ya kuisogeza aweza kuupata humo humo shuleni: kila mwanafunzi wa darasa moja aandike kwa majuma mawili saa ya kulala na ya kuamka, kisha darasa la hisabati lichore grafu ya saa hizo pamoja na alama za mazoezi ya Ijumaa. Na kabla ya kutoa hukumu, darasa lizikumbuke suruali za madereva wa London.