Koito Bila Tai

Ukialikwa koito Litein au Sotik siku hizi, wacha tai nyumbani. Kijana anayeposa na wenzake watakuwa na mashati ya kitenge, au suti za Kaunda zilizotiwa ushanga kwenye kola, na hakuna mzee atawauliza suti iko wapi.

Sasa peleka nguo hiyo hiyo Bungeni. Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula alipiga marufuku suti za Kaunda na mavazi ya Kiafrika. Mwanamume avae koti, shati la mikono mirefu na tai. Hapo ndipo mimi huchoka. Rais Ruto mwenyewe alikuwa akizivaa! Yaani mbele ya wakwe uko nadhifu, mbele ya Spika wewe ni mhuni?

Tuseme ukweli pia: pamba si ya asili huku. Wakipsigis wa kale walivaa ngozi. Karne ya 19, pamba iliyoenea Afrika Mashariki ilikuwa merekani, kitambaa cha viwanda vya Massachusetts kilichoshukia Zanzibar, ndiyo maana ya jina lile. Na baridi hii ya majani chai, mpamba hauitaki. Basi "asili" ya kitenge tumejitengenezea, na sioni shida. Hata tai haikuzaliwa Bomet.

Mwaka 2004 vazi la taifa lilizinduliwa kwa udhamini wa Unilever, waliokuwa na mashamba ya chai hapa Kericho. Umewahi kuona mtu amelivaa? Koito imefaulu bila kamati.

Kinachoniuma ni kitambaa chenyewe. Vitenge vingi sokoni ni polyesta tupu. Kabla hujalipa, omba uzi mmoja uuchome: pamba inanuka kama karatasi na kuacha majivu laini, polyesta inayeyuka, inakuwa kidonge kigumu. Ukipata pamba, iloweke kabla fundi hajakata, la sivyo shati litapungua ukilifua mara ya kwanza. Koti nalo litiwe bitana. Bila bitana litafika limejikunja lote ukishuka matatu, na baridi ya Kericho haitakuhurumia.

Unataka ya kwetu kabisa? Rivatex, kiwanda kilichofufuliwa 2019, kiko Eldoret. Tuma mtu akuletee mita chache, umpe fundi wako mapema kabla msimu wa harusi wa Desemba haujamzidi.