Somo la Redio: Seli Nyekundu ya Damu, Mchukuzi Asiye na Kiini

Wiki iliyopita mama mmoja mwanafunzi wetu alileta swali lililotushughulisha sote. Mtoto wake hushikwa na maumivu makali ya mifupa, macho yake huwa ya manjano, na kila mara hupungukiwa na damu. Hospitali wamemwambia ni ugonjwa wa selimundu. Majirani wamemwambia mtoto amerogwa. Mama akauliza, "Hiyo seli ni kitu gani hata imtese mtoto hivi?"

Chukueni kitunguu, mkikate, mkabandue ile ngozi nyembamba iliyo baina ya maganda yake. Kwa macho hamwoni kitu. Lakini ngozi hiyo ikitazamwa kwa hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo, huonekana vyumba vyumba vimepangwa kama matofali. Kila chumba ni seli moja. Mwingereza Robert Hooke aliona vyumba vya namna hii katika gome la mti, akaandika habari zake mwaka 1665, akaviita kwa jina lenye maana ya vyumba vidogo.

Nasi tumejengwa kwa seli. Seli ya kitunguu ina ukuta mgumu nje. Ya mtu haina ukuta, ina utando laini tu. Msiudharau utando huo. Ni bawabu: huruhusu chakula na maji kuingia, hutoa taka, na vingine huvizuia mlangoni. Ndani yake mna ute, na katika ute mna vyombo vya kazi. Mitokondria ni majiko: humo chakula huunguzwa kwa oksijeni ya hewa tunayovuta, ikapatikana nguvu. Ribosomu ni vibanda vya mafundi, ndipo protini zinapotengenezwa. Na katikati kuna kiini, sanduku lililohifadhi maagizo ya kazi zote. Agizo moja huitwa jeni, na karibu kila agizo tunalo nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama.

Sasa tuje kwenye damu. Seli nyekundu zikipangwa 100 katika mstari mmoja hazifiki milimita moja. Umbo lake ni kama andazi lililobonyezwa katikati, na kazi yake ni kuchukua oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwili mzima. Huzaliwa ndani ya mifupa, katika uboho, ule tunaoufyonza tukinywa supu. Inapozaliwa ina kiini kama nyingine. Lakini kabla ya kuingia katika damu hukitupa nje, na baadaye majiko na vibanda navyo hutoweka. Kwa nini? Ni kama hamali aachaye vitu vyake nyumbani ili apate nafasi ya mzigo. Nafasi yote hujazwa hemoglobini, protini nyekundu inayoshika oksijeni. Lakini hasara ipo: seli isiyo na kiini haiwezi kujitengeneza ikiharibika. Huishi siku 120 hivi, kisha hufa, na uboho hutoa nyingine.

Basi, kwa mgonjwa wa selimundu, agizo la kutengeneza hemoglobini lina kosa dogo. Mwaka 1957 Vernon Ingram, huko Uingereza, alionyesha kwamba katika mnyororo wenye vipande 146 ni kipande kimoja tu kilichobadilika. Kimoja! Hemoglobini hiyo ikishatua oksijeni yake hushikamana ikawa kama vijiti vigumu, vikausukuma utando, na seli ikapinda kama mundu. Mundu hizo hunasa katika mishipa myembamba na kuzuia damu. Ndiyo maumivu yale. Tena huvunjika baada ya siku 10 hadi 20 tu, uboho usiweze kuzifidia. Ndiko kupungukiwa na damu. Macho hupata manjano kutokana na mabaki ya seli zilizovunjika.

Kosa hilo latoka wapi? Mwenye nakala moja yenye kosa huwa mzima, hata hajijui. Tena mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mtu wa namna hii ana kinga fulani ya malaria. Ndiyo sababu nakala hiyo imeenea sana penye malaria nyingi, kama pwani na kandokando ya Ziwa Victoria. Lakini baba na mama wote wawili wakiwa nayo, katika kila mimba uwezekano wa mtoto kuugua ni mmoja katika nne. Angalieni, sikusema kwamba wakizaa wanne ataugua mmoja. Huenda wakaugua wawili, au asiugue hata mmoja. Wala si la mama peke yake, kama wanaume wengine wapendavyo kusema.

Mtoto mgonjwa hana kinga ile. Malaria humdhuru upesi, basi alale ndani ya chandarua. Anywe maji mengi, akingwe na baridi, na akipata homa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Siku hizi iko dawa, haidroksiyurea, inayopunguza maumivu, mwulizeni daktari. Na wachumba wanaweza kupimwa damu kabla ya kuoana.

Mwalimu wa darasa sasa aandike ubaoni: utando, ute, kiini, uboho, mundu. Kila mtu ayasome kwa sauti, kisha aandike jibu la swali hili katika daftari: Kwa nini seli nyekundu haiwezi kujitengeneza?