Bahari Yetu na Shamba la Nunguni



Mwezi wa Oktoba mwaka 2022 nilialikwa harusini Nunguni, katika vilima vya Kilungu, kaunti ya Makueni. Asubuhi ya pili mwenyeji wangu, mzee mkulima, alinichukua kwenda kuliona shamba lake la matuta. Ardhi ilikuwa imekwisha limwa na gunia la mbegu liko ghalani. Akaniuliza: "Sheikh, nyinyi mnakaa na bahari, na mvua hutoka kwenu. Je, mwaka huu itakuja?"

Nikamjibu kwamba Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Hilo ni kweli tupu, lakini mzee hakuniuliza mambo ya itikadi. Alitaka kujua amwage gunia zima au nusu. Redio ilikuwa imetangaza kwamba mvua za vuli zingepungua, naye hakuiamini. "Hao wako Nairobi," alisema, "bahari wanaionea wapi?" Nilirudi nyumbani na swali hilo, na nililitafutia jibu nikiwa na haya kidogo, kwa kuwa nimezaliwa ufukweni.

Jibu ni kwamba wanaiona kwa merikebu. Wazee wetu walijua kaskazi na kusi kwa tanga, na Ahmad ibn Majid aliandika majira ya kusafiri katika karne ya 15. Lakini vipimo vya bahari yenyewe vilikuja kwa wingi katika miaka ya 1960, mataifa mengi yalipotuma merikebu za utafiti katika Bahari ya Hindi. Mwaka 1964, kusi ilipokuwa imepamba moto, Discovery ya Uingereza na Argo ya Marekani zilipima mkondo wa pwani ya Somalia, zikaukuta ukienda karibu maili 7 za baharini kwa saa. Nahodha wa jahazi asingeshangaa. Alikwisha ujua kwa mikono yake. Miaka michache baadaye Findlater, aliyefanya kazi Nairobi, alieleza jinsi upepo huo wa kusi unavyobanwa na milima ya Afrika Mashariki, ukapita kwa kasi juu ya nyanda za mashariki ya Kenya kuelekea Bara Hindi.

Kuhusu vuli, jambo kubwa lilibainishwa mwaka 1999. Maji ya upande wetu wa bahari yakipata joto kuliko kawaida na ya upande wa Sumatra yakapoa, mawingu huelekea kwetu na vuli huwa nyingi, kama ilivyokuwa 1997 na 2019. Mambo yakigeuka, mvua hufuata Indonesia, nasi hubaki tukitazama mbingu. Mwaka 2022 yaligeuka.

Basi merikebu hushusha vyombo kupima joto na chumvi kilindini, hurusha maputo yenye vipimo angani, na tangu 2004 hutia nanga maboya yanayotuma habari kwa setilaiti. Kwa miaka kadhaa maharamia wa Somalia walizizuia kufika upande wetu, nao ndio upande ambao mkulima wa Ukambani anauhitaji zaidi. Na tusiwasingizie maharamia peke yao: wako wavuvi wanaofunga vyombo vyao kwenye maboya hayo, hata kuyaharibu. Nawaomba vijana wetu waendao bahari kuu wayaache.

Yule mzee alipanda nusu. Mahindi yalitoka, yakafika magotini, yakakauka. Nusu ya pili ilibaki ghalani, naye hakunilaumu, ingawa nadhani alikuwa na haki.

Mwaka uliofuata, Oktoba, alinipigia simu. Hakuniuliza kama mvua itakuja. Aliuliza: "Sheikh, maji ya kwenu yana joto?" Nikamwambia kwamba safari hii wapimaji wanasema yamepata joto, na kwamba azibue mitaro ya matuta kabla ya kupanda. Alicheka, akasema vijana wako shambani na majembe tangu jana.