Kartushi 4 ndani ya mukono moja: mukaba njo unashinda mashindano

Wababa na wamama wa kambi za mine, leo tunaongea juu ya muchezo wenye haujulikane sana kwetu. Najua wengi watatikisa kichwa. Kwetu bunduki si muchezo: mutu akisikia mulio usiku, anazima taa na kukusanya watoto. Lakini kule Ulaya na Marekani, wanaume na wanawake wanakutana siku ya Posho ao siku ya Yenga, mbele ya waarbitri, wanashindana kufyatua juu ya vipande vya chuma na vya karto. Na jambo la kushangaza ni hili: pale watu wawili wanalingana kwa shabaha, mwenye kushinda ni yule anajua kujaza bunduki yake.

Bunduki yenyewe munaijua. Ni kalibri 12, ndugu ya ile wawindaji wetu wanabebaka mu pori. Hesabu 12 ilitoka ku Waingereza wa zamani: ukigawa ratili moja ya risasi, ni kusema karibu gramu 454, katika mipira 12 yenye kulingana, mupira moja unaenea sawa mu mudomo wa bunduki ile. Ni karibu milimetre 18 na nusu. Muwindaji anatia kartushi moja ao mbili, anangojea nyama. Mu mashindano haiko vile. Muchezaji anakimbia kutoka fasi moja mpaka ingine, na mbele yake kunaweza kuwa shabaha 28 za kuangusha.

Mashindano haya yanaongozwa na muungano wa IPSC, wenye ulizaliwa mwaka 1976 mu muji wa Columbia, Missouri, kule Marekani. Mashindano ya dunia nzima ya bunduki ya namna hii yalianza mwaka 2012 kule Debrecen, Hungaria. Kisha yakaenda Agna, Italia, mwaka 2015, na Châteauroux, Ufaransa, mwaka 2018. Châteauroux ni kule wafyatuaji wa Olimpiki ya Paris walishindania mwaka 2024.

Sasa, matata iko wapi? Bunduki nyingi za muchezo huu hazina shargeri ya kuchomoa na kubadilisha. Kartushi zinakaa ndani ya tiyo chini ya mudomo wa bunduki. Zinaingia moja kwa moja kupitia kamulango kadogo chini ya tumbo ya bunduki, na kila moja inapaswa kusukuma resori. Tuseme tiyo inabeba 8. Ukiwa na shabaha 28, unabakia na 20 za kujaza njiani, saa inatembea.

Tupige hesabu. Matunda ya muchezaji ni pointi zake zenye kugawanywa na segonde zake. Tuseme wawili wamepiga shabaha zote, kila moja ina pointi 5: wote wako na pointi 140. Kila moja ametumia segonde 35 kukimbia na kufyatua. Wa kwanza anajaza moja moja, segonde 1 na nusu kila kartushi: segonde 30. Jumla 65, na matunda yake ni 2,15. Wa pili anajaza 4 kila mara kwa segonde 3, mara 5: segonde 15. Jumla 50, matunda 2,80. Macho ni yale yale, miguu ni ile ile. Mukaba njo umewatenganisha.

Zamani watu walivaa mukanda wa elastiki wenye vishimo, sawa ule wa wawindaji. Unashika kartushi muzuri, lakini vidole vinapaswa kuchomoa moja moja. Kisha kukakuja vishikio vya plastiki ao vya aluminiamu, vyenye kufungwa ku mukaba: kartushi 4 zimelala moja juu ya ingine, mukono unazikamata zote mara moja, na kidole gumba kinaingiza moja kisha ingine.

Leo wengi wanazipanga mbili-mbili. Kila kishikio kina kartushi mbili zenye kufuatana kichwa na matako, na kishikio cha pili kiko pembeni yake kabisa. Muchezaji anageuza bunduki, kamulango kanaangalia juu, mudomo unabakia upande wa shabaha. Mukono ule mwingine unashuka ku mukaba ao ku kifua, unakamata 4. Kidole gumba kinasukuma mbili kwa musukumo moja, kisha mbili zingine. Mwenye kuzoea anamaliza ndani ya segonde 2 ao 3, na macho yake yako tayari ku shabaha yenye kufuata.

Ukiona, unasema ni mbio ya vidole. Hapana. Kazi kubwa imefanyika mbele saa haijaanza. Kila kartushi inaangalia upande moja, shaba yake fasi moja. Kishikio kikikaza sana, vidole vinateleza na kartushi inabakia. Kikilegea, kartushi zinaanguka wakati wa kukimbia. Mukaba wenyewe ni wa tabaka mbili zenye kushikamana, juu usizunguke ku kiuno: kishikio kikisogea kidogo tu, mukono unashika hewa. Na mazoezi yanafanyika nyumba, na kartushi za uongo zenye hazina baruti, jioni kwa jioni, mpaka mukono ujue njia bila macho.

Kuko pia hatari ya kuchanganya. Kartushi nyingi zina marisau madogo, lakini zingine zina risasi moja nzito kwa shabaha za mbali. Ile nzito ikipiga chuma cha karibu, vipande vinaweza kurudia watu. Kwa hiyo zile nzito zinawekwa fasi yao peke, mara ingine ku ubavu wa bunduki yenyewe, juu mukono usikosee hata siku moja.

Hapa njo ninaheshimu muchezo huu. Wanapima segonde kuliko mutu yeyote, lakini kuko kitu kimoja segonde haiwezi kununua. Kidole kikiingia fasi ya kufyatulia wakati wa kujaza, arbitri anasimamisha: mashindano yote yamekuishia siku ile. Mudomo wa bunduki ukivuka pembe ya usalama, vilevile. Bunduki ikianguka, vilevile. Hawaulize kama ulikuwa wa kwanza. Hawaseme "tumuachilie, anazalisha muzuri". Mwenye mbio na mwenye kuchelewa, sheria ni moja.

Wenye kushukaka chini ya udongo, Kipushi ao Kamoto, wataelewa mara moja. Mukaba wa mutu wa mine unabeba lampe, na pale sheria inafuatwa, unabeba pia ile boiti ya kupumulia wakati moshi unajaa galeri. Boiti ile haitafutwe na macho, juu moshi ukiisha kuingia macho hayana kazi tena. Inatafutwa na mukono. Leo imekaa kuume, kesho umeisogeza mugongoni juu inasumbua ku kiti cha mashini, kesho kutwa umeiacha ku vestieri. Siku ya matata, mukono utashika hewa, na hapa hakuna arbitri wa kusimamisha saa.

Wamama, muwaulize wababa: boiti yako iko upande gani? Akipaswa kufikiri kwanza, bado hajajifunza. Mufyatuaji anarudilia kazi ya segonde 3 mara mingi sana juu ya kikombe cha ushindi. Sisi tuna sababu kubwa kuliko kikombe. Kabla ya kuingia mu lifti, funga macho, peleka mukono ku mukaba. Ukipata boiti mara ya kwanza, shuka. Usipoipata, panga mukaba kwanza.